Melanoma na Vitamini D: Pima Kwanza, Meza Baadaye

Kwa wagonjwa na jamaa zao, Kitui na Makueni

Jua la Ukambani ni kali, kutoka Mwingi hadi Kibwezi, lakini mtu anaweza kuishi chini yake na bado akapungukiwa na vitamini D. Ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na mgonjwa mara nyingi hushinda ndani. Mwenye melanoma asikisie kiwango chake, apimwe.

Melanoma ni nini?
Ni saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi. Kwa Mwafrika mara nyingi huanzia kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Ilimuua Bob Marley mwaka 1981, baada ya kuanzia kwenye kidole cha mguu. Doa jeusi linalotanuka au kidonda cha wayo kisichopona usikidhanie kuwa mwiba wa shambani. Nenda ukaonwe.

Kwa nini kupima?
Vitamini D huusaidia mwili kufyonza kalisiamu ya kuimarisha mifupa. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ulielekeza kila mgonjwa wa melanoma apimwe vitamini D ugonjwa unapogunduliwa. Kipimo ni cha damu. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita, madaktari wengi huhesabu kuwa ni upungufu.

Ukiandikiwa vidonge
- Fuata dozi ya daktari. Usizidishe uniti 4,000 kwa siku bila agizo lake.
- Rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu hivi.
- Kiu, kichefuchefu, kufunga choo na kukojoa sana ni dalili za kuzidisha. Figo zinaweza kuharibika.
- Vidonge haviponyi melanoma. Usiache upasuaji wala matibabu mengine.

Chakula
Muthokoi na ndengu hushibisha na kujenga mwili, ila havina vitamini D. Ongeza samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini.

Mwenye ualbino
Ngozi yake hutengeneza vitamini D upesi, kwa hivyo asiote jua kwa ajili hiyo. Avae kofia pana na mikono mirefu, apake losheni ya kukinga jua. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huitoa bure.

Uanzie wapi?
Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti, Kitui au Wote. Beba dawa zote unazomeza, hata za mitishamba, na umweleze daktari kama umewahi kuwa na mawe kwenye figo.