Ukibadilisha delko ya motokari yako: panga moto, linda mikono

Ndugu mfanyakazi, siku ya pumziko ni vigumu kupita njia moja ya kambi bila kuona motokari iliyofunguliwa, na mtu ameinama juu ya motere. Hiyo ni kazi nzuri. Mtu anayetengeneza chombo chake mwenyewe anaokoa feza ya nyumba. Lakini mtu yuleyule ambaye kazini anavaa kofia, miwani na viatu vya chuma, akifika nyumbani anafanya kazi na sapatu, shati iko wazi, saa ya chuma iko mkononi, na watoto wanamzunguka. Motere haijui kama leo ni siku ya Mungu.

Tutaongea leo juu ya kazi moja ambayo wengi wanaijaribu: kuondoa delko ya zamani, kutia nyingine na kupanga moto. Tumechagua Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, Coccinelle, kwa sababu imejulikana na imedumu sana. Ya mwisho kabisa ilitoka Mexico katika mwaka wa 2003. Motokari mpya hazina delko tena. Kompyuta ndogo inafanya kazi yake. Basi mafundi wanaoijua kazi hii wanapunguka, na delko za zamani zinaangukia katika mikono isiyozizoea.

Delko inafanya nini? Wewe unayefanya kazi chini ya udongo, wafahamu kwamba matundu ya baruti hayapasuki yote kwa mara moja. Ya katikati yanatangulia, ya pembeni yanafuata, kila moja kwa zamu yake. Zamu ikiharibika, mwamba haukatiki vizuri na wenzako wanapata taabu. Delko ni kapita wa baruti ndani ya motere. Inagawa moto kwa silinda 4 kwa zamu hii: 1, 4, 3, 2. Tena inatoa moto mapema kidogo, pistoni ikiwa haijafika juu kabisa, kwa sababu esansi yahitaji wakati kidogo wa kuwaka. Kidogo namna gani? Motere ikizunguka mara 3 000 kwa dakika, inapita digri 18 000 kwa sekunde moja! Katika motere nyingi za 1200 na 1300 za miaka ya 1960, moto unapangwa digri 7,5 mbele ya pistoni kufika juu, motere ikiwa imesimama. Lakini angalia kwanza kitabu cha motokari yako, na ukinunua delko ya namna nyingine, uliza mwenye kuiuza hesabu yake. Delko zote si ndugu.

Moto ukichelewa, motokari inakosa nguvu, inapata joto na kunywa esansi nyingi. Moto ukitangulia mno, motere inagonga katika mlima, na pistoni inaweza kutoboka. Katika Volkswagen hizi silinda ya 3, ya mbele kwa upande wa kushoto, ndiyo inayoteseka zaidi, kwani radiateri ya mafuta inaizuilia hewa ya kupoza.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa kung'oa. Weka motokari pahali pa wazi na pa sawasawa, vuta freni ya mkono, tia jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, vitesi iwe katika mafasi ya katikati. Funga kontakti na weka ufunguo ndani ya mfuko wako, si katika mlango ambapo mtoto atauona. Vua saa na pete. Ukitoa buji 4, motere itazunguka kwa kifunguo bila nguvu nyingi, kwa kushika nati ya puli ya dinamo.

Zungusha motere kwa upande wa kuume, kama sindano za saa, mpaka alama ya puli kubwa ifike mbele ya mstari ambapo nusu mbili za motere zinaungana. Fungua kifuniko cha delko. Kidole kinachozunguka ndani kinapaswa kuonyesha mkato mdogo ulio katika ukingo wa delko: hiyo ni silinda ya 1. Kama kinaonyesha upande mwingine, zungusha puli mara moja tena, kwani puli inazunguka mara 2 wakati kidole kinazunguka mara 1. Wengi wanakosea hapa, kiisha wanasema delko waliyonunua ni mbaya.

Piga alama ya chaki kwa mwili wa delko na kwa motere. Toa delko ya zamani, tia mpya kidole kikiwa upande uleule. Meno ya chini ya delko hayako katikati kabisa, basi yanaingia kwa namna moja tu. Yakikataa, usipige nyundo, zungusha kidole polepole mpaka yaingie yenyewe. Tangu hapo mpaka delko ikae, mtu yeyote asiguse motere.

Platine zinapimwa mbele ya kupanga moto, si nyuma yake, kwani nafasi yao ikibadilika moto nao unabadilika. Zungusha motere mpaka platine zifunguke kabisa, na katikati yao papite kipimo cha mm 0,4. Buji ni mm 0,7. Kiisha rudisha alama ya puli pahali pake, sikuzote kwa kuzungusha upande wa kuume. Ukipita alama, usirudi nyuma. Zunguka tena mpaka kidole kifike kwa silinda ya 1.

Sasa tafuta ampule ndogo yenye nyuzi mbili, ya volti 6 au 12 kufuata batri yako. Uzi mmoja ufunge kwa namba 1 ya bobini, pale panapotoka uzi mwembamba wa kwenda kwa delko. Wa pili ufunge kwa chuma cha motere. Legeza kidogo skuru inayobana delko, fungua kontakti. Geuza delko yote upande wa kuume mpaka ampule izimike. Kiisha irudishe upande wa kushoto polepole sana. Dakika ile ampule inawaka, simama: platine zimefunguka na moto umetoka. Bana skuru na funga kontakti mara moja. Kontakti ikikaa wazi na motere imesimama, bobini inapata joto na kuungua. Rudisha kifuniko, buji na nyuzi: kuanzia kwa mkato, ukifuata upande wa kuume, 1, 4, 3, 2.

Hii ni njia ya ampule, na kwetu inatosha. Wengine wana ile lampi ya garaji inayopiga miali kwa kufuata moto wa buji. Ni chombo kizuri sana, na ndicho kinachotuogopesha zaidi. Motere inazunguka kwa nguvu, lakini ndani ya mwangaza wa lampi hiyo puli inaonekana kama imesimama kabisa. Macho yanadanganyika, na mkono unafuata macho. Mtu anaona alama imechafuka, ananyosha kidole ili aipanguse. Mkanda na puli havimwachii nafasi ya kujuta. Kama unatumia lampi hiyo, andika alama kwa rangi nyeupe motere ikiwa imezimwa, mikono ya shati iwe imefungwa, nyuzi za lampi zipite mbali na mkanda, wala usimpe mtoto kuishika, hata akiomba sana.

Tena usishike nyuzi nene za buji motere ikiwaka. Bobini inatoa volti zaidi ya 10 000. Mara nyingi mshituko huo hauui mtu mwenye moyo mzima, lakini unamfanya arushe mkono kwa ghafula, na mkono unaangukia wapi? Katika mkanda. Mwenye ugonjwa wa moyo akae mbali kabisa.

Pompa ya esansi katika Volkswagen iko karibu sana na delko. Kama mipira yake imezeeka au inatoa jasho la esansi, ibadilishe mbele ya kuwasha. Usiseme utafanya hivyo mwezi ujao. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji hayafai kwa esansi, yanaitawanya tu. Na sigara ibaki ndani ya nyumba.

Nawe mama wa nyumba, neno hili ni lako pia. Wakati wa mvua mabwana wengi wanasukuma motokari ndani ya garaji au chini ya paa lililozungushwa mabati, wanafunga mlango na kuacha motere iwake ili waisikilize. Moshi wa motere ya esansi una gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina harufu yake, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita hewa tunayohitaji, na mtu anakosa pumzi wakati anavuta pumzi sawasawa. Ni gazi ileile inayobaki katika mina kiisha kupasua baruti, ndiyo sababu bwana wako anangoja chini kule mpaka upepo usafishe njia. Kama kichwa kinauma, magoti yanalegea, mtu anataka kutapika au usingizi unamjia bila sababu, zima motere kama waweza kufika bila kukawia, fungua milango yote, umtoe nje, kiisha umpeleke lopitali hata akisema amepona. Akiwa ameanguka, usiingie na kukaa ndani kumwamsha. Mvute nje kwanza, na uite watu. Chumba cha watoto kilicho jirani ya garaji ni hatari hiyohiyo, kwani gazi inapita chini ya mlango.

Motere ikiwaka vizuri nje, iache ipate moto, kiisha uende ujaribu katika mlima mdogo, vitesi ya 3, ukikanyaga esansi. Ukisikia mlio kama mawe madogo ndani ya kopo, moto umetangulia. Simama, zima, legeza skuru na sogeza delko kidogo sana upande wa kuume, upana wa ukucha ni mwingi mno. Kama hakuna mlio lakini motokari ni nzito, rudia kazi ya ampule tangu mwanzo. Usigeuze delko ovyo motere ikiwaka ili kutafuta mlio mzuri.

Kiisha kilometa 500 hivi, pima tena platine. Kisigino chao kipya kinakwisha upesi katika siku za kwanza, nafasi inapungua na moto unachelewa. Paka greisi kidogo tu juu ya pembe zinazokisukuma, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Greisi nyingi inarukia platine, na utakuwa umeinama tena juu ya motere Siku ya Mungu inayofuata.