Betri ya Tano

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza mara nyingi: pikipiki ya umeme yenye betri nne za volti 12, yaani volti 48, ikifungwa betri ya tano, je, mota itaungua? Wengine hawangoji jibu; hufunga kwanza. Basi nawajibu hapa, ili na wazazi wenye pikipiki hizo wapate kusoma.

Yafaa tujue kwamba mota izungukapo huwa pia dinamo: hufanya umeme wake wa kupingana na ule wa betri. Kadiri mbio zinavyozidi ndivyo upinzani huo unavyozidi, mpaka ukaribie volti za betri. Hapo mbio haziongezeki tena. Kwa hiyo mota ambayo bila mzigo huzunguka mara 500 kwa dakika kwa volti 48, kwa volti 60 itazunguka karibu mara 625.

Kinachounguza mota ni joto, nalo hutokana na ampea zipitazo katika waya wa shaba. Ampea zikiwa maradufu, joto huwa mara nne. Vanishi inayokinga waya haiogopi volti 60 hata kidogo, bali huogopa joto.

Ampea nyingi zatoka wapi, basi? Zatoka katika mzigo. Pikipiki iliyokwenda kilomita 40 kwa saa ikienda 50, upepo huirudisha nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na mota hulipa kwa ampea njia nzima. Mwendo mfupi huenda isidhurike. Safari ndefu ni habari nyingine.

Lakini mara nyingi kinachotangulia kufa si mota. Ni kontrola, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme kati ya betri na mota. Ndani yake mna kapasita, na kila moja imeandikwa volti inazoweza kustahimili. Nyingi huandikwa 63. Sasa, betri iliyojaa haina volti 12 kamili, ina kama 12.7. Zidisheni kwa tano wenyewe.

Jambo la mwisho lawahusu zaidi wazazi. Betri ya tano haiongezi breki. Kwa breki zile zile, umbali wa kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa huzidi ule wa kutoka 40 kwa zaidi ya nusu, na uzito wa betri yenyewe haujahesabiwa.