SOMO LA USHIRIKA: UCHAGUZI WA MIZANI YA CHAMA



Mizani ndiyo roho ya chama cha msingi. Daftari laweza kuandikwa kwa mwandiko safi, lakini mizani isipofaa, safu zote ni makosa yaliyopangwa vizuri.

Katika kazi ya ukaguzi nilipata kukuta chama chenye mizani mpya na nzima, na bado wanachama walikuwa wakipunjika. Ilikuwa ya kilo 200, yenye mgawo wa kilo moja moja. Mwanachama aliyeleta korosho kilo 12 na gramu 700 aliandikiwa 12. Karani hakuiba, chombo hakikulingana na kazi. Wanachama 100 wakipoteza nusu kilo kila mmoja, kilo 50 huonekana ghalani kama ziada isiyo na mwenyewe.

1. Aina za mizani

Mizani ya springi hupima nguvu ya mvuto: mzigo huvuta springi, nayo mshale ukasogea. Ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini ikizidishiwa mzigo springi hulegea wala hairudi mahali pake.

Mizani ya mtambo hutumia kanuni ya wenzo. Jiwe la kilo 1 lililo sentimita 100 kutoka kwenye egemeo husawazisha kilo 50 zilizo sentimita 2 upande wa pili. Hudumu sana, ila egemeo likilika au kuingia vumbi, kipimo hupotoka.

Mizani ya dijitali ina kipande cha chuma kinachopindika kidogo mno chini ya mzigo, na umeme huugeuza mpindo huo kuwa tarakimu. Mwanachama aweza kujisomea mwenyewe. Yahitaji betri yenye chaji, sakafu iliyo sawa na kinga ya maji.

2. Kabla ya kununua

(a) Mzigo wetu mkubwa kabisa ni kilo ngapi? Uwezo wa mizani uuzidi.
(b) Mzigo wetu mdogo ni kilo ngapi? Mgawo usizidi sehemu moja ya mia yake. Kwa kilo 12, tafuta mgawo wa gramu 100. Chama kinachopokea vikapu pamoja na magunia hakina budi kuwa na mizani mbili.
(c) Je, imehakikiwa? Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. Mizani isiyo na alama ya uhakiki isipimie mazao ya mtu.

3. Kila siku ya kununua

Mbele ya wanachama, hakikisha mizani tupu yasoma sifuri. Kisha weka jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, kwanza katikati, halafu kwenye pembe zote nne. Majibu yakitofautiana, simamisha upimaji na umwite fundi.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Mgawo wa mizani yetu ni gramu ngapi?
2. Ziada ya ghala msimu uliopita ilikuwa ya nani?