Shahada ya Maabara: Mtoto Anakwenda Kusoma Nini?

Jioni moja mzee wa darasa letu la kisomo alikuja na barua mfukoni. Binti yake kachaguliwa chuo kikuu. Kijiji kizima kilikwisha ambiwa kwamba binti anakwenda kuwa daktari. Barua ilikuwa ya Kiingereza, basi tukamfasiria: Shahada ya Sayansi ya Maabara ya Tiba.

"Mwalimu," akasema, "yaani niuze ng'ombe wawili ili mtoto akachungulie choo cha watu? Si bora abaki nyumbani?"

Hatukumcheka. Lilikuwa swali la haki, tukalifanya kuwa somo la jioni ile. Nanyi lisomeni.

Kazi ya maabara

Maabara ni mahali pa kupimia damu, mkojo, choo na makohozi. Malaria huleta homa. Homa ya matumbo nayo huleta homa, na nimonia vilevile. Ukimtazama mgonjwa kwa macho tu, unaweza kumpa dawa ya malaria naye hana malaria, huku ugonjwa wenyewe unazidi kumla.

Mwaka 1880, daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, akaviona vijidudu vya malaria. Mtu wa maabara hufanya kazi ya namna hiyo hadi leo. Hupaka tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi, kisha hulitazama kwa hadubini inayokuza mara 1,000.

Tena kuna kuongezewa damu. Mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zina makundi. Mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua akipewa damu isiyopatana na yake, anaweza kufa. Anayepima kwanza ni mtu wa maabara.

Masomo yenyewe

Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, shahada hii huchukua miaka 3. Wanafunzi husoma viungo vya mwili na kazi zake, kemia ya mwili, bakteria na virusi, minyoo na vimelea wengine, damu, na jinsi mwili unavyojikinga. Kusoma vitabu tu hakutoshi, lazima mikono izoee vyombo. Kwa hiyo mtoto anayetaka njia hii ashike sana Kemia, Baiolojia na Fizikia tangu sekondari. Aliyesomea stashahada ya maabara naye anaweza kujiendeleza hadi shahada.

Udaktari ni kozi nyingine. Ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mazoezi hospitali. Mwenye shahada ya maabara haandiki dawa, na mzazi asidanganywe kwa hilo. Lakini daktari asiye na majibu ya maabara ni kama mtu anayetembea usiku bila taa.

Na kabla ya kuuza mifugo, ulizeni habari za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ila kumbukeni, mkopo ni deni. Akimaliza masomo, atalipa.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Marehemu kaka yake tulimpa dawa ya malaria siku nne. Hatukumpima."

Akaikunja barua vizuri, akairudisha mfukoni. Wiki ile aliuza ng'ombe mmoja. Wa pili alibaki zizini kungoja majibu ya mkopo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini si vizuri kumeza dawa ya malaria kabla ya kupima?
2. Taja tofauti mbili kati ya kazi ya daktari na kazi ya mtu wa maabara.
3. Mtoto akipata nafasi ya chuo, mzazi aulize mambo gani kabla ya kutoa fedha?