SAFARI YA SHULE NA AFYA YA MTOTO

Kutembea humjenga mtoto. Mifupa, misuli na moyo hupata nguvu.

Lakini mtoto akitembea kilomita 5 na njaa, hufika amechoka. Husinzia darasani, naye mwalimu hudhani ni mvivu.

Akitembea pekupeku, minyoo ya safura iliyo katika udongo wenye kinyesi huweza kupenya ngozi ya miguu. Minyoo hiyo hunyonya damu. Mtoto hupungukiwa damu, hudhoofu, na kukua kwake huchelewa.

Basi wazazi, tufanye haya:

1. Mtoto anywe uji kabla ya kuondoka.
2. Avae viatu.
3. Kila nyumba iwe na choo, nacho kitumike.
4. Watoto waende kwa makundi, upande wa kulia wa barabara, wakiyaona magari yanayokuja.

Swali: Je, mtoto wako alikula nini leo asubuhi?