Kwaya ya Lima na Ugomvi wa Wapenzi Wake

Mara nyingi twasikia wazee wakilalamika kwamba vijana hugombana bure juu ya mambo ya televisheni. Huyu ausifu mchezo fulani, yule aulaumu. Jana walikuwa marafiki, leo hawasemeshani, na sababu ni watu wawili wasiokuwapo duniani, waliotungwa na mwandishi ili wapendane au waachane. Mzee hutikisa kichwa, huizima televisheni, huenda kulala. Leo twataka kuuchunguza ugomvi mmoja wa namna hiyo, uliodumu miaka mingi huko Marekani na katika nchi nyingine. Twaona ndani yake mna jambo linalowapasa wazazi na walimu kulifikiri, na vijana wenyewe kupita wote.

Mchezo tunaousema huitwa Glee. Ulitungwa na watu watatu, Ryan Murphy, Brad Falchuk na Ian Brennan, ukaonyeshwa na shirika la Fox tangu tarehe 19 Mei 2009 hata tarehe 20 Machi 2015, misimu 6 yenye sehemu 121. Habari yake ni ya shule ya sekondari ya kubuniwa katika mji wa Lima, jimbo la Ohio. Will Schuester, mwalimu wa Kihispania aliyeimba katika kwaya ya shule hiyo zamani za ujana wake, aifufua kwaya iliyokwisha kufa. Wanaojiunga naye ni wale ambao hakuna anayewataka. Yupo Rachel Berry, mwenye sauti kubwa na majivuno makubwa zaidi. Yupo Artie, aketiye katika kiti cha magurudumu. Yupo Mercedes, msichana mweusi mwenye sauti ya ajabu ambaye mara nyingi huwekwa nyuma. Yupo Kurt, anayedhihakiwa kwa sababu ya sauti yake, mavazi yake, na kuwapenda kwake wavulana wenzake. Baadaye aja Finn Hudson, kiongozi wa timu ya mpira wa Kimarekani, naye kwa kosa hilo la kuimba achekwa na timu yake mwenyewe.

Hatuna budi kueleza na jambo moja dogo, maana tutalirudia mwishoni. Katika shule hiyo wenye nguvu wana desturi ya kuwamwagia wanyonge usoni kikombe cha kinywaji cha barafu iliyosagwa, chenye rangi kali. Mtoto apita zake kwenda darasani, ghafula amelowa, na wote walio karibu wamcheka. Ndipo aingia chumba cha kwaya, ajifuta, na wenzake wamwimbia.

Vijana wengi walioutazama mchezo huo walijiona wenyewe. Wimbo uliofunga sehemu ya kwanza, ambao bendi ya Journey iliutoa mwaka 1981, uliimbwa upya na vijana wa Lima, ukafika nafasi ya 4 katika orodha ya Billboard mwaka 2009. Mchezo ukapewa tuzo ya Golden Globe mwezi wa Januari 2010, na tena Januari 2011. Tarehe 6 Februari 2011, ulipoonyeshwa mara baada ya fainali kuu ya mpira wa Kimarekani, ulitazamwa na watu zaidi ya milioni 26. Lakini usiku wa mwisho, mwaka 2015, watazamaji hawakufika milioni 3. Katikati ya hesabu hizi mbili ndipo wapenzi wake walipogawanyika. Kwa maoni yetu waligawanyika juu ya mambo matatu.

Jambo la kwanza lilikuwa hili: je, kilicho kikuu ni wimbo au ni habari? Kundi moja lilikuja kwa ajili ya nyimbo. Kwao habari ilikuwa uzi tu wa kutungia shanga. Uzi ukikatika hapa na pale si neno, mradi shanga zang'aa. Kundi la pili lilikuja kwa ajili ya watu. Hao walinung'unika kwamba kijana aliyetubu juma hili husahau toba yake juma lijalo, na kwamba sasa wimbo huchaguliwa kwanza, kisha moyo wa mtu ukapindwa ili ulingane na wimbo. Sehemu nzima ilipotolewa kwa nyimbo za Madonna mnamo Aprili 2010, na nyingine kwa nyimbo za Britney Spears mnamo Septemba mwaka uo huo, kundi la kwanza lilishangilia. Kati ya kundi la pili walikuwamo walioona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nani alikuwa na haki? Twaona wote wawili, kila mmoja kwa kipimo chake. Mmoja alipima kwa pishi, mwingine kwa dhiraa, kisha wakashangaa kwamba hesabu zao hazipatani. Kama wangaliambiana kwanza, “Mimi natafuta wimbo,” “Nami natafuta habari,” nusu ya maneno yao makali isingalisemwa.

Jambo la pili lilihusu wenyeji na wageni. Msimu wa tatu ulipokwisha, Mei 2012, wengi wa wanakwaya wa kwanza walimaliza shule. Watungaji wakawa na shida ya kweli: shule bila kuhitimu si shule, na mchezo bila watu wake si mchezo ule. Msimu wa nne, ulioanza Septemba 2012, ukapasuliwa pande mbili. Rachel na Kurt walikuwa New York, na huku Lima wakaingizwa vijana wapya, kama Marley, binti wa mpishi wa shule. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila wimbo wa Marley ulipimwa kwa wimbo wa Rachel, na kila kosa lake likahesabiwa mara mbili. Wengine walimtetea wakisema kwamba kwaya ni kama mto, maji hupita na mto hubaki. Wenzao walijibu kwamba wao hawakuupenda mto, waliwapenda watu.

Yaliyofuata yafaa yakumbukwe. Mnamo Machi 2014 kwaya ya Lima ilivunjwa katika hadithi, mchezo ukahamia New York, na wale vijana wapya wakaachwa njiani. Ndipo waliokuwa wamejifunza kuwapenda wakalia kwa zamu yao. Kila aliyepata kuimba katika kwaya ya parokia au ya shule aufahamu ugomvi huu bila kufundishwa. Kila kizazi hudhani kwamba uimbaji ulikwisha siku kilipoondoka chenyewe.

Jambo la tatu ni zito kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Je, mchezo wa vijana una deni la kuwaambia kweli, au yatosha uwafariji?

Tarehe 14 Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa bunduki katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Haikupita miezi minne, tarehe 11 Aprili 2013, ikaonyeshwa sehemu ya Glee ambayo ndani yake milio ya bastola yasikika shuleni, na wanakwaya wajificha gizani pasipo wimbo wowote. Wapo waliosema kwamba kimya kile kilikuwa cha kweli kuliko nyimbo zote za msimu. Wapo waliochukizwa, hasa ilipojulikana mwishoni kwamba bastola ililetwa na Becky, msichana aliyezaliwa na hali ya Down, kwa hofu ya maisha yanayomngoja nje ya shule. Wakauliza: kwa nini silaha itiwe mkononi mwa mnyonge kuliko wote?

Kisha kikaja kifo cha kweli. Tarehe 13 Julai 2013 Cory Monteith, aliyekuwa Finn, alikutwa amekufa hotelini katika mji wa Vancouver, nchini Kanada. Umri wake ulikuwa miaka 31. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na heroini iliyochanganyikana na pombe. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hadharani kwamba alishikwa na ulevi na madawa tangu utoto wake, na mwaka ule ule alikuwa ameingia mahali pa matibabu.

Wakuu wa Fox walikuwa wamedokeza kwamba mchezo utaigusa habari ya madawa. Lakini sehemu ya maombolezo ilipoonyeshwa, tarehe 10 Oktoba 2013, Finn amekwisha kufa, wala hakuna anayetuambia amekufaje. Kurt aeleza tangu mwanzo kwamba hataki kufikiri juu ya namna ya kufa kwake, ataka kukumbuka namna alivyoishi. Mama yake Finn, akipanga vitu vya mwanawe, asema neno linalochoma: kwamba mzazi huendelea kuwa mzazi, na mtoto hayupo tena.

Hapo wapenzi wa mchezo waligawanyika kwa uchungu. Wengi walishukuru, wakaona kwamba msiba una heshima yake, na kwamba msiba si mahali pa kumhukumu maiti. Wengine walisikitika. Kwa fikira zao, vijana waliompenda Finn wangalisikiliza siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Neno moja juu ya heroini lingaliingia mahali ambapo hotuba mia za walimu haziingii.

Huenda msomaji atuuliza: ninyi mwasemaje? Twasema hivi. Waombolezaji walikuwa na haki ya kunyamaza, maana waliolia mbele ya kamera walikuwa wakimlilia rafiki wa kweli, na Lea Michele, aliyekuwa Rachel, alikuwa mpenzi wake katika maisha. Hatuwezi kumdai mfiwa somo siku ya matanga. Lakini matanga huanuliwa, na misimu iliendelea hata mwaka 2015. Kufariji kulikuwa na siku yake. Kweli nayo ilistahili kupewa siku yake, hata kama ni baadaye. Sisi wenyewe katika mazishi yetu twajua kunyamaza. Kijana azikwa, watu wanong'ona nyuma ya nyumba, na wadogo zake hawaambiwi kitu, si siku ile wala mwaka ule. Kisha twashangaa mdogo wake akifuata njia ile ile.

Sasa twaweza kujibu swali la mzee tuliyemwacha akienda kulala. Kwa nini watoto hawa walikasirika hivi juu ya mchezo? Wahenga walisema, ahadi ni deni. Michezo mingi ya televisheni haimwahidi mtu kitu ila kumpitishia jioni yake, nayo ikiharibika hakuna anayelia. Huu wa Lima ulitoa ahadi kubwa: kwamba aliyedharauliwa anayo nafasi, na sauti yake itasikiwa. Kijana aliyeiamini ahadi hiyo alishika deni mkononi, akawa anadai.

Litazameni dai moja la mapema. Mnamo Novemba 2009 ilionyeshwa sehemu iliyomhusu Artie na kiti chake. Waigizaji wenye ulemavu walilalamika, kwa kuwa Kevin McHale, aliyemwigiza, atembea kwa miguu yake. Mlivyotuahidi nafasi, waliuliza, je, ni nafasi yetu au ni ya picha yetu? Lakini sehemu iyo hiyo ndiyo iliyomleta Becky, akiigizwa na Lauren Potter, mwenye hali ya Down yeye mwenyewe. Deni lililipwa huku, likabaki huku, katika saa moja. Msifu na mlaumu wote wawili walikuwa wakisoma daftari lile lile, kila mmoja ukurasa wake.

Basi wazazi, mtoto akikasirishwa na mchezo, msimcheke. Mwulizeni: ulikuwa umekuahidi nini? Jibu lake litawaonyesha jambo analolihitaji, ambalo pengine nyumbani hakulipata.

Nanyi vijana, tuna neno moja kwenu, nalo ni gumu. Wapenzi wa kwaya hii walijigawa vikosi, kila kikosi kikishikilia wapendanao wake, huyu wa Rachel na Finn, yule wa wengine, wakatukanana kwa maneno ambayo hatuwezi kuyachapa hapa. Walikuwa wametazama miaka sita jinsi kikombe cha barafu kinavyomwumiza mtu asiye na kosa, na wengi wao walilia kwa ajili ya aliyemwagiwa. Kisha, kwa kuupenda mchezo huo huo, wakakijaza kikombe na kummwagia mwenzao usoni.

Wengi waliokuwa watoto wakati ule sasa wamefikia umri wa kuwa wazazi, na baadhi yao wangali wanabishana. Hatuwakatazi. Mtu na aseme alichokipenda na kipimo alichokitumia, aonyeshe deni lililolipwa na lililobaki. Lakini kabla hajalitoa neno lake, na atazame kwanza mkononi mwake ameshika nini.