Brutus na Yai la Nyoka



Likizo hii sisi mafrateri tulio Ujiji tunasoma na vijana wa parokia tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Tafsiri hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa Rais, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969. Si jambo dogo. Mwanzoni mwa 1963 hiyohiyo, Rais Olympio wa Togo aliuawa na askari. Na huku kwetu mkuu wa nchi changa anawapa watu wake habari za mtawala aliyeuawa na rafiki zake.

Vijana walitegemea hadithi ya chuki. Lakini Brutus anampenda Caesar, ila anaipenda Roma zaidi. Usiku, akiwa peke yake bustanini, anakiri kwamba hana ugomvi naye, wala hajaona tamaa ya Caesar ikiishinda akili yake. Anachoogopa ni vile taji litakavyoweza kumgeuza. Basi anaamua kumhesabu kama yai la nyoka, livunjwe kabla halijaanguliwa.

Wanaosoma Metafizikia wataukumbuka mwiba huu. Aristotle anatenga kitu kilivyo na kile kinachoweza kuwa. Punje ya mchikichi si mchikichi, na hakuna anayeidai mawese. Brutus anamwua mtu aliye hai kwa kosa ambalo bado halipo.

Tulikaa zaidi kwa Portia, mkewe. Anapiga magoti aambiwe kinachomnyima mumewe usingizi. Amejijeruhi paja ili aaminike kwamba anaweza kutunza siri. Brutus anaguswa, anaahidi kumweleza. Lakini wenzake wameshaondoka na saa ya kuua imeshapangwa. Portia ataambiwa, hakushauriwa. Baadaye anajiua, mumewe akiwa mbali vitani.

Hapo mzee mmoja wa jumuiya, mwenyeji wa Kasulu, akaomba kusema. "Frateri, Mwalimu alitupenda, hilo silikatai. Lakini mwaka 1972, Operesheni Kigoma, tulihamishwa. Tuliambiwa, hatukuulizwa. Mihogo tuliiacha shambani."

Kijana mmoja akajibu kwa heshima kwamba bila vijiji vile huenda shule aliyosoma isingekuwepo. Mzee akasema, "Shule ni nzuri, mjukuu wangu. Na mihogo ilikuwa mizuri."

Hatukuwa na jibu la haraka. Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu, mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri unaendelea, na mwaka 1985 alikabidhi madaraka kwa hiari. Hatumweki kundi moja na Brutus. Hata hivyo Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara huanza kwa kutafuta shauri, ndipo ihukumu, ndipo iamuru. Anayewapenda watu huvutwa kuruka hatua ile ya kwanza, kwa kuwa anaamini ameshajua kinachowafaa. Nasi tunaotarajia kukabidhiwa parokia tumo hatarini, pengine kuliko wanasiasa, maana paroko haendi kuomba kura.

Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tunasoma mazishi ya Caesar. Mzee ameomba hotuba ya Antony aisome yeye. Tumemwambia asisahau miwani.